Nyembe Nne: Historia Iliyobaki Kwenye Kisanduku cha Spana

Mwezi Juni mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Iringa. Baada ya shikamoo yangu tu akaingia kwenye jambo lenyewe: "Mama, yule mnunuzi wa vyuma chakavu kaja tena. Hii ni mara ya tatu. Anasema ataikata humu humu uani, tusihangaike na usafiri."

Nimerithi jina la bibi mzaa baba, ndiyo maana nyumbani mimi ni "mama" kwa kila mtu. Kilichotaka kukatwa ni Landrova 109 ya marehemu baba, iliyokuwa imekaa chini ya mparachichi kwa miaka sita, matairi yamezama, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mnunuzi alishapiga hesabu zake. Chasisi ingeuzwa kama chuma. Bodi, ambayo kwenye Landrova za zamani ni ya alumini, ingeenda kwa watu wa kuyeyusha, na baada ya wiki chache ingekuwa sufuria sokoni. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshakubali. Mimi nikaomba mwezi mmoja.

Niseme ukweli mapema: sijui magari. Naishi Mbeya, naandika habari, na gari langu dogo la Kijapani likiwasha taa yoyote nyekundu naenda kwa fundi mikono nyuma. Lakini niliposafiri kwenda Iringa wikiendi ile, mama alinipa kisanduku cha spana cha baba na daftari lake la mistari, na ndani ya kisanduku nikakuta kikaratasi kilichokunjwa vizuri, juu yake kimeandikwa kwa herufi za baba: POINTI. Ndani mlikuwa na nyembe nne za kunyolea. Makali yake yote yameuawa kwa tupa.

Nyembe butu, nne, zimetunzwa kama pete. Makala hii ni majibu ya swali lile: za nini?

*

Jibu la kifundi ni fupi. Injini ya petroli ya Landrova ya baba, ile ya sentimita za ujazo 2,286, haina kompyuta. Kazi ya kuamua lini cheche iruke kwenye plagi inafanywa na vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa, ambavyo mafundi wanaviita pointi. Zikifunga, koili inajaa umeme. Zikifunguka, umeme unakatika ghafla na cheche inaruka. Nafasi kati ya pointi zinapofunguka kabisa inatakiwa iwe kati ya inchi 0.014 na 0.016, yaani kama milimita 0.35 hadi 0.4. Ikiwa ndogo zaidi, pointi zinaungua na cheche inakuwa dhaifu. Ikiwa kubwa, koili haipati muda wa kujaa, na injini inaanza kukohoa ukikanyaga mafuta.

Kuna kipimo chake maalumu, kile chenye vibati vyembamba vinavyofunguka kama feni ya mkono. Baba hakuwa nacho. Lakini wembe wa kawaida una unene wa kama milimita 0.1. Panga nne, pitisha katikati ya pointi. Zikipita kwa kukwaruza kidogo, funga skrubu. Umepata milimita 0.4.

Mtu wa kwanza kufikiria hivyo sijui alikuwa nani, na sidhani kama alikuwa baba. Ni ujuzi uliokuwa ukitembea. Ukitaka kujua ulitokea wapi mpaka ukafika kwa bwana shamba mmoja wa Kihesa, inabidi utoke uani na kufuata barabara.

*

Kila siku nikienda kazini Mbeya napita Mafiati. Konda anaita, "Mafiati shuka!", abiria wanashuka, na nina hakika wengi wetu hatujawahi kujiuliza jina hilo linasema nini. Lakini linajieleza lenyewe: ma-Fiati. Ukiwauliza wazee wa mji watakuambia ni malori ya Fiat.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia. Uingereza ikaweka vikwazo vya mafuta, na aliyeumia haraka akawa Zambia, kwa sababu mafuta yake na shaba yake vilikuwa vikipita Rhodesia kwa reli. Ghafla nchi isiyo na bahari ikalazimika kuitegemea bandari ya Dar es Salaam, na kati ya Dar na Zambia hapakuwa na reli wala lami ya maana. Kulikuwa na njia ya vumbi, ambayo masika inageuka kuwa uji. Ndege za jeshi la Uingereza zilisaidia kubeba mapipa ya mafuta kwa muda, lakini mzigo mkubwa ulibebwa na malori: mapipa kwenda, shaba kurudi. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake yalikuwa Fiat kutoka Italia. Waandishi wa Kizungu wa wakati ule waliipa njia ile jina la mbio za jehanamu.

Sasa fikiria lori lenye mapipa ya mafuta likipanda Kitonga kwenye tope. Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500; Iringa hadi Mbeya ni nyingine kama 330; halafu bado Tunduma. Likikatika ekseli Ruaha Mbuyuni au likiunguza gasketi Igawa, fundi wa kampuni yuko mbali na simu hakuna. Waliopo ni dereva na taniboi. Taniboi, wazee hulifafanua neno hilo, ni yule kijana wa kuzungusha hendeli ya kuwashia injini. Alilala chini ya lori, alichota maji ya redieta, aliweka gogo nyuma ya tairi mlimani. Na kwa kuwa ndiye aliyeshika spana wakati dereva anafikiri, ndiye aliyejifunza.

Sisemi ufundi ulianzia hapo. Mbeya yenyewe ilikua kwa dhahabu ya Lupa, Chunya, miaka ya 1920 na 1930, na wachimbaji walikuja na injini zao. Kabla ya TAZARA, Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli, hivyo shirika la reli liliendesha mabasi na malori huku. Bibi yangu mpaka anafariki basi lolote aliliita "Relwe". Na Ifunda, kusini kidogo ya mji wa Iringa, kwenye eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipoland wakati wa Vita vya Pili, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini shule ilichukua wachache. Barabara ilichukua yeyote aliyekubali kulala chini ya lori.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, malori yalipumua. Lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. TAZARA ikajengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia, ikakabidhiwa mwaka 1976. Vitabu vyetu vingi vya historia vinaishia hapo kwa shangwe, na kweli shangwe ilistahili. Ila wale mataniboi hawakupotea. Walishuka njiani: Ipogolo, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole. Wakafungua gereji chini ya miti.

*

Fundi aliyenisaidia ni mmoja wao. Ni mzee wa Mlandege ambaye siku hizi anafanya kazi akiwa amekaa kwenye stuli, wajukuu ndio wanaoingia chini ya gari. Nilimkuta asubuhi, baridi ya Iringa ya mwezi wa sita unaijua. "Kamwene," nikamsalimia. Akaitikia, akaniangalia viatu, akauliza, "Mwanangu, gari liko wapi na mwenye gari yuko wapi?" Nikamwambia mwenye gari ni marehemu na mimi ndiye nitakayeshika spana. Akacheka. Nilipomwonyesha nyembe akaacha kucheka.

"Hizi ni za enzi ya kukosa," alisema.

Enzi ya kukosa ina tarehe zake. Kati ya mwishoni mwa 1973 na Januari 1974 bei ya pipa la mafuta duniani ilipanda karibu mara nne, kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita ikala fedha za kigeni zilizobaki. Malori ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na mizigo mbele. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Kulikuwa na kipindi ambacho magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Kupata gari jipya ilikuwa habari ya kibali, na kupata spea ya gari bovu ilikuwa habari ya kumjua mtu.

Kwa siasa, huu ulikuwa wakati wa kujitegemea. Azimio la Arusha lilishatamka mwaka 1967. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kukuza viwanda vidogo. Kibaha, jeshi likafanya kazi ya kutengeneza lori la Kitanzania, Nyumbu. Sizibezi juhudi hizo. Lakini mtu aliyekuwa akijitegemea kweli kweli, kila siku, bila hotuba, alikuwa yule wa uani mwenye wembe. Na huyo serikali haikumwona kama mjamaa wa mfano. Mwaka 1983 ilipokuja vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa mtoni kwa hofu. Baba alitusimulia jirani aliyefukia tairi mbili mpya kwenye shamba la mahindi, kwa sababu tairi mpya zilihitaji maelezo. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na mtu asiye na kazi inayotambulika aliweza kuchukuliwa kupelekwa shambani. Fundi wa chini ya mwembe hakuwa na kitambulisho cha kazi. Mzee wa Mlandege anasema mwaka ule alikuwa akitembea na jembe begani mchana, spana zimefungwa kwenye gunia.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa, kutoka kama 17 kwa dola hadi 40. Spea zikaonekana madukani, ila sasa zikawa na bei ambayo mshahara wa bwana shamba haukuifikia. Hapo ndipo baba, mwaka 1987, alipoinunua Landrova kwenye mnada wa magari ya serikali yaliyochoka. Ilikuja imefungwa kamba nyuma ya trekta.

Mtafiti wa Kimarekani Joshua Grace alichapisha mwaka 2021 kitabu kinachoitwa *African Motors*, kuhusu historia ya magari Tanzania, na hoja yake kubwa naikubali: gereji za mitaani hazikuwa mahali pa kubabaisha teknolojia ya wengine, zilikuwa mahali teknolojia inapotengenezwa upya. Nilipokisoma nilifurahi, halafu nikaona wivu kidogo. Kwa nini hatukuandika sisi? Ushahidi ulikuwa uani kwetu, unatagiwa na kuku.

*

Sasa tufungue daftari. Ni la kurasa 200, jalada gumu, limelowa oili mpaka kurasa za katikati zinaona upande wa pili. Baba aliandika kwa kifupi sana:

"12/7/89. Pointi. Msasa, nyembe 4. Imewaka."

"Machi 91. Tangi linavuja. Sabuni ya mche. Mafinga kwenda na kurudi, hakuna tone."

Hiyo ya sabuni nilidhani utani. Mzee wa Mlandege akaniambia ni kweli: sabuni haiyeyuki kwenye petroli, hivyo ukiisugua kwenye ufa inaziba na kukaza. Itakufikisha nyumbani, haitakufikisha mwakani.

"Juni 92. Gasketi ya pampu ya maji, boksi la majani ya chai na grisi."

"Sept 93. Pampu ya mafuta imekufa Igurusi. Dumu juu ya paa, mpira mpaka kabureta. Mbeya saa 2 usiku."

Wengine wataona hapa orodha ya matengenezo. Mimi, labda kwa sababu ya kazi yangu, naona uandishi. Hakuna neno la kupoteza. Na angalia Kiswahili chake: pointi, kabureta, gasketi, plagi, klachi, difu, ringi, "injini imenoki", "kushusha injini", "kutoa upepo kwenye breki". Hakuna kamati iliyokaa kuunda maneno haya. Yalikuja na malori, yakavishwa irabu mwishoni, yakaingia kwenye ngeli, yakazaa. Tunapolalamika kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi, tunasahau kwamba kuna watu wamekuwa wakieleza kwa Kiswahili, kwa miongo mingi, kwa nini injini inapoteza nguvu Mbeya kuliko Dar. Mzee alinieleza hivi: "Huku juu hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, plagi inavaa masizi meusi." Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Maelezo yake hayana kosa.

Daftari linaonyesha pia kwamba injini ndogo zilipita mikononi mwa baba kama watoto wa jirani. Kuna kurasa nzima za mashine ya kusaga ya kijiji fulani Kilolo, Lister, ile injini ya Kiingereza yenye magurudumu mawili mazito, inayozunguka mara 650 kwa dakika na kupozwa kwa pipa la maji. Inawashwa kwa hendeli: unaachia mgandamizo, unazungusha mpaka magurudumu yachukue kasi, unarudisha kiwiko, inapiga. Baadaye zinaingia injini za Kichina za silinda moja, kisha pawatila za wakulima wa mpunga wa Usangu. Mwishoni kuna michoro ya "dingdong", zile mashine za kupasulia mbao za Mufindi na Njombe: msumeno wa duara na injini ya dizeli juu ya fremu iliyochomelewa na mafundi wetu. Watu wa misitu wanazilaumu kwa kupoteza mbao nyingi kuwa maranda, na lawama ni ya haki. Lakini nyumba ngapi za nchi hii zimepauliwa kwa mbao zilizopita hapo?

Nchi nyingine zina hadithi kama hii. Cuba, baada ya vikwazo vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibaki ikiendesha magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 mpaka leo. Tofauti ni kwamba Cuba watalii wanapiga picha. Huku kwetu tunaona aibu, tunaita "mkweche".

*

Ningeishia hapo ningekuwa nimewaandikia hadithi ya kupendeza na ya uongo.

Kaka alikuja siku ya nne, kutoka Dodoma. Tulikuwa tumeshasafisha kabureta, tumetoa panya kwenye kichujio cha hewa, tumebadilisha betri. Alisimama mbali. Nikamwonyesha daftari kwa furaha kama mjinga. Akafungua moja kwa moja mwaka anaoutaka.

"Agosti 96. Bomba la breki nyuma kushoto limepasuka. Nimelikunja, nimeligonga. Zimebaki tatu."

Chini yake, siku 11 baadaye: "Ajali ndogo Ipogolo."

Wanaoijua Iringa wanaujua ule mteremko kutoka mjini kwenda Ipogolo. Gari lenye breki za magurudumu matatu, ukikanyaga ghafla, linavuta upande mmoja. Landrova iliingia kwenye ngema. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa mbele na mama, sikupata kitu. Kaka alikuwa nyuma, ana miaka 14. Mkono wake ulivunjika kwenye kiwiko na mpaka leo haunyooki.

"Ndogo," kaka alisema. Akanirudishia daftari. "Andika na hiyo kwenye makala yako."

Naiandika. Historia ya ufundi wa uani ina upande huu, na wanaoishi Mbeya hawahitaji kuelezwa: tumezika watu wengi kwenye miteremko ya Iwambi na Mbalizi kwa sababu ya breki. Si zote zilikuwa kazi ya mafundi wa mitaani, lakini ule moyo wa "itatufikisha" ni ule ule. Sabuni kwenye tangi ni akili. Bomba la breki lililogongwa na nyundo, wiki mbili, watoto wakiwa ndani, si akili. Ni ukosefu uliogeuzwa mazoea. Baba alijua tofauti, ndiyo maana aliandika "ndogo". Mtu anayejiona hana kosa hahitaji neno hilo.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halikuliandika. Miaka yote ile mimi ndiye niliyemulika tochi. Usiku, baridi, nimejifunga kitenge cha mama, namulika. Spana alipewa kaka, ambaye hakuzipenda hata kabla ya ajali. Sikuwahi kupewa, na sikuwahi kuomba. Nilipomuuliza mama kwa nini, alijibu bila kusita: "Ulikuwa unamulika vizuri." Barabara ilimfundisha yeyote aliyelala chini ya lori, nimesema hivyo huko juu, lakini kulikuwa na nusu ya watoto ambao hawakuruhusiwa kulala chini ya lori.

*

Siku ya tano mzee wa Mlandege aliniambia nifungue kofia ya distributa mwenyewe. Pointi zilikuwa na kutu ya kijani. Nikapiga msasa taratibu, nikazungusha injini kwa hendeli mpaka zikafunguka kabisa, nikapitisha nyembe nne. Zilikwama. Nikalegeza skrubu, nikajaribu tena, zikapita kwa kukwaruza. "Funga," akasema. Wajukuu wake walikuwa wametandaza waya, mmoja akapiga stata. Mara ya tatu ikakohoa, ya tano ikawaka. Moshi mweusi, kelele, kuku wakaruka. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akarudi ndani bila kusema neno.

Lakini chasisi ilikuwa imeoza nyuma. Ungeweza kuingiza kidole. Mzee alisema inachomeleka, akataja gharama, na gharama ilikuwa zaidi ya uwezo wetu na zaidi ya thamani ya gari. Tukakaa kikao cha familia. Kuna mfanyabiashara wa viazi wa Makete, ambako Landrova za namna hii bado zinapanda milima ambayo magari mengine yanaiangalia tu. Alikuwa na chasisi nzima isiyo na injini. Akatoa bei nzuri kuliko ya chuma chakavu. Mimi nilitaka kubaki nayo, nakiri. Kura zikawa mbili kwa moja.

Kaka aliweka sharti moja tu: haitoki uani mpaka breki zote nne zitengenezwe, kwa spea za dukani, na atalipa yeye. Mnunuzi akashangaa, maana yeye aliifuata injini na bodi, gari lenyewe lingeenda likiwa juu ya lori. Kaka hakubadilisha msimamo. Tulitumia siku mbili. Yeye alikaa kwenye usukani akikanyaga pedali, mimi nikiwa chini kwenye gurudumu la nyuma kushoto, natoa upepo. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mzee alikuwa amesinzia kwenye stuli.

Nimebaki na kisanduku, nyembe na daftari. Magari ya leo yanahitaji mashine ya kusoma makosa, na Marekani wananchi wa Massachusetts walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji watoe taarifa hizo kwa gereji za nje. Mjadala huo utafika kwetu pia, na utakapofika itafaa tukumbuke kwamba tuliwahi kuwa na haki ya kutengeneza bila kuiomba, na kwamba ilikuwa na faida na majeraha yake.

Kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hii, la fundi, la dereva, la mwenye mashine ya kusaga, lipigeni picha kabla mnunuzi hajaja. Someni na maneno madogo. Kwenye la baba nimeongeza mstari mmoja, kwa mwandiko wangu, chini ya wa mwisho aliouandika yeye:

"Julai. Breki zote nne. Imeenda Makete."